Shimo, Dadu na Fanani: Filamu za Fantasia za Kijapani na Historia ya Masimulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina nafasi katika kurasa hizi. Yanahusu filamu za vibonzo za Kijapani, ambazo vijana huziita anime, na hasa zile chache za fantasia zilizotokana na mchezo unaochezwa mezani kwa kalamu, karatasi na dadu. Naomba usifungue ukurasa mwingine upesi. Historia ya filamu hizi ni miongoni mwa historia chache zilizohifadhiwa mwaka kwa mwaka zinazoonyesha jinsi utendaji simulizi unavyogeuka kuwa maandishi, kisha picha. Anayeielewa ataelewa vizuri zaidi yanayovipata visakale vyetu wenyewe, tangu Gwassi hadi Kanyamwa, ambavyo sasa vinaelekea kubakia mistari mitatu katika daftari la marudio.

Mwulize mtahiniwa wa kawaida sifa za fasihi simulizi. Atazitaja bila kusita: hupitishwa kwa njia ya masimulizi, ni mali ya jamii, hubadilika kulingana na wakati na mahali, huhitaji fanani na hadhira. Kisha mwulize swali la pili: ni lini uliiona ikibadilika? Ni hadhira ipi uliyoiona ikimkatiza fanani na kuipindua hadithi? Aghalabu hapo ndipo kimya huingia. Mtahiniwa amekariri orodha ya sifa za kitu ambacho hajakiona kikitendeka. Si kosa lake pekee. Katika jamii ya Waluo, nyumba ya ajuza iliyoitwa siwindhe, ambamo watoto walilala na kutambiwa sigana, haipo tena katika boma la leo. Kilichobaki ni jina lake, na hata jina lenyewe wanafunzi wengi hulikuta kitabuni.

Nimechagua Osiri, kule Nyatike katika kaunti ya Migori, pawe mahali pa kusimamishia mifano yangu. Osiri ni eneo la mashimo ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Macalder katika sehemu hizo ulifungwa mwaka wa 1966, lakini uchimbaji wa mikono unaendelea kuvuta watu, wakiwamo, kwa masikitiko yetu sisi walimu, vijana ambao wangepaswa kuwa darasani. Mwanafunzi wa Osiri anajua bila kufundishwa na mtu kwamba hakuna anayeshuka shimoni peke yake. Yupo anayechimba, yupo anayevuta kamba, yupo anayeponda mawe na yupo anayeosha. Na kabla ya yote hayo yapo mazungumzo marefu kuhusu nani atapata nini. Mwanafunzi huyo atauelewa mchezo ninaotaka kuueleza upesi kuliko mwenzake wa mjini.

Mchezo wenyewe

Watu wanne, watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi wa mchezo. Wengine, kila mmoja huvaa uhusika wake: huyu askari, huyu kuhani, huyu mchawi, huyu mwizi hodari wa kufungua makufuli. Sifa za kila mhusika huandikwa kwa tarakimu katika karatasi yake, nazo ni nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kisha msimamizi huanza kusimulia. Tuseme anaiweka hadithi yake Osiri: mmefika kwenye mdomo wa shimo, jua limezama, kamba iliyokuwapo asubuhi imekatwa, na kule chini mnasikia mtu akigonga mwamba ingawa wachimbaji wote wamekwisha kupanda, mnafanya nini? Hapo msimamizi hunyamaza. Wasikilizaji ndio wanaoisukuma hadithi mbele. Mmoja atasema anateremka kwa kamba mpya. Mwingine atamwita huyo agongaye mwamba. Wa tatu, aliyevaa uhusika wa mwizi, atasema yeye anarudi nyumbani, na mabishano yataanza, kwa sauti za wahusika na wala si za wachezaji. Mambo yakiwa ya hatari, dadu hutupwa, aghalabu dadu yenye pande ishirini, na tarakimu itakayotokea ndiyo itakayoamua kama kamba itashika au itakatika.

Yatazame haya kwa jicho la mwanafasihi. Una fanani, una hadhira hai, una ufaraguzi, una uigaji wa sauti na ishara za mwili. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huorodhesha michezo ya watoto katika utanzu wa maigizo, na ngano katika utanzu wa hadithi. Hapa vyote viwili vimekutana mezani, kama vilivyokutana zamani mbele ya moto wa jioni kabla mtaala haujavitenga.

Hata hivyo, ipo tofauti ambayo mtahiniwa makini hatairuka. Mtambaji wa ngano anaujua mwisho, na mara nyingi hadhira yake pia inaujua. Raha yao ni kuona safari hii ataufikia kwa njia gani. Msimamizi wa mchezo haujui. Dadu imemnyang'anya nusu ya mamlaka. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mchezo huu ni ngano iliyovaa nguo za kigeni. Ni utendaji simulizi wa aina yake, na ubora wake kwetu ni kwamba tunaijua tarehe ya kuzaliwa kwake.

Kutoka kwa waimbaji hadi mezani

Tarehe hiyo ni mwaka wa 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, yaani mashimo na majoka. Lakini majoka yenyewe yalitoka mbali zaidi. Wahusika wengi wa mchezo huo, yaani mbilikimo wachimbao milima, elfi wenye masikio marefu na maisha yasiyoisha, wachawi wenye fimbo, walikuwa wamezoeleka kwa wasomaji kupitia riwaya za J. R. R. Tolkien, zilizochapishwa mwaka wa 1937 na kati ya mwaka wa 1954 na 1955. (Tolkien, kwa wale wapendao kujua, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892.) Naye Tolkien hakuyatoa kichwani mwake tu. Alikuwa msomi wa tenzi za kale za Ulaya, na mojawapo ya kazi zilizomwathiri ni Kalevala ya Wafini. Kalevala ilikusanywa na daktari mmoja, Elias Lönnrot, aliyezunguka vijijini akiwasikiliza waimbaji na kuyaandika waliyoyaimba. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1835.

Kwa hiyo tazama mzunguko huu. Waimbaji wasiojua kusoma wanaimba, daktari anaandika, msomi anasoma na kutunga riwaya, wasomaji wa riwaya wanaketi mezani na kuirudisha hadithi mdomoni. Fasihi andishi imerudi kuwa simulizi. Sisi hupenda kuchora mshale mmoja tu ubaoni, utokao simulizi kuelekea andishi, kana kwamba simulizi ni utoto na maandishi ni utu uzima. Historia inatuonyesha mishale miwili.

Wajapani na rekodi yenye vicheko

Mwaka wa 1985 mchezo huo ulitafsiriwa kwa Kijapani. Kundi la vijana wapenzi wa mchezo, ambao baadaye walijulikana kama Group SNE, walikabiliwa na tatizo ambalo kila mkusanyaji wa fasihi simulizi analijua: utamweleza vipi mtu utendaji ambao hajauona? Kanuni za mchezo zikisomwa pekee ni kavu kama sheria za barabarani. Suluhisho lao lilikuwa kucheza, kurekodi walichokisema, na kukichapisha. Kuanzia mwaka wa 1986, jarida la Comptiq, lililokuwa la michezo ya tarakilishi, lilitoa kwa mfululizo rekodi za mchezo uliosimamiwa na Ryo Mizuno, katika kisiwa cha kubuni kilichoitwa Lodoss.

Hapa naomba mtahiniwa atue. Rekodi hizo zilichapishwa kama tamthilia: jina la msemaji, kisha maneno yake. Zilihifadhi utani wa wachezaji, mabishano yao na malalamiko yao dadu ilipowasaliti. Kwa lugha ya somo letu, huo ulikuwa unukuzi wa utendaji pamoja na hadhira yake. Ni mara ngapi umeona ngano iliyonukuliwa vitabuni mwetu ikiwa na hadhira ndani yake? Sisi huandika maneno ya mtambaji na kuwafuta wasikilizaji, kisha tunamwambia mwanafunzi kuwa hadhira ni sifa muhimu ya ngano hiyo.

Zipo hazina nyingine katika rekodi hizo. Mhusika aliyependwa kuliko wote alikuwa Deedlit, binti elfi mwepesi wa hasira na mwepesi wa upanga. Aliyeuvaa uhusika huo mezani alikuwa mwanamume, Hiroshi Yamamoto, mwandishi wa hadithi za kisayansi, aliyefariki mwaka wa 2024. Mwalimu anayetafuta mfano wa fanani anayebadilisha sauti na jinsia ili kumwigiza mhusika hana haja ya kwenda mbali.

Mwaka wa 1988 Mizuno aliigeuza hadithi kuwa riwaya. Vicheko vikatoka. Dadu ikatoweka, palipokuwa na bahati pakawa na majaaliwa. Kati ya mwaka wa 1990 na 1991 ikatolewa filamu ya sehemu 13, iliyouzwa kwa kanda kabla ya kufika runingani, kwa jina linalofahamika kwa Kiingereza kama Record of Lodoss War. Basi una hatua nne zilizo wazi: meza, rekodi, riwaya, filamu. Katika kila hatua unaweza kuuliza kilichoongezwa na kilichopotea.

Kuitazama Lodoss

Je, filamu yenyewe inafaa kutazamwa? Inafaa, ingawa si kwa sababu ya wepesi wake. Picha zake nyingi zimesimama kama michoro ya ukutani, na mwendo wake unahitaji subira. Lakini ni shule ya msuko. Sehemu ya kwanza inaanza wasafiri wakiwa tayari kundi moja, chini ya ardhi, wakikabiliana na joka. Sehemu ya pili ndiyo inayoturudisha kijijini kwa Parn, kijana shujaa, ili tuone safari ilivyoanza. Mwanafunzi anayechanganyikiwa na mbinu rejeshi katika riwaya ataiona hapa kwa macho.

Ghim, mbilikimo mwenye shoka, ndiye mhusika ninayemwona kuwa amechorwa kwa ustadi zaidi. Hatafuti dhahabu wala sifa. Anamtafuta Leylia, binti wa kuhani aliyewahi kumtendea wema, ambaye mwili wake umetwaliwa na mchawi Karla. Karla haishi katika mwili. Anaishi katika taji, na kila avaaye taji hiyo huwa Karla. Ghim anamkomboa binti kwa gharama ya uhai wake. Kisha mwizi wa kundi, Woodchuck, anaiokota taji na kuivaa. Ushindi na hasara vimefungwa katika tendo moja, na uovu umehama mwili tu. Mtahiniwa akiulizwa kinaya ni nini, huu ni mfano atakaoukumbuka.

Sehemu za mwisho ndizo ninazozilalamikia. Deedlit, aliyezaliwa mezani kama mpiganaji mwenye ulimi mkali, anatekwa na mchawi Wagnard ili awe kafara ya kumwamsha mungu wa kike wa maangamizi, na Parn anamwendea kumwokoa. Nani alimnyamazisha? Si Yamamoto. Ni msuko wa kale wa binti wa kafara, ambao kalamu huurudia pale inapoachwa peke yake. Msuko huo tunaujua sana sisi wa ukanda wa ziwa. Grace Ogot aliuandika katika hadithi yake fupi ya Oganda, binti wa mtemi anayepelekwa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, ambayo imo katika mkusanyiko wake wa Land Without Thunder wa mwaka wa 1968. Osinda, mpenzi wake, anamwokoa njiani. Ziweke hadithi hizo mbili kando kwa kando. Swali si nani alimwiga nani, kwa kuwa hakuna aliyemwiga mwenzake. Swali ni hili: katika kila moja, je, binti amepewa nafasi ya kusema anachokitaka? Ogot anamwingiza msomaji ndani ya hofu ya Oganda, hatua kwa hatua, mpaka ufuoni. Wanafilamu wa Lodoss wanamfunga Deedlit na kuielekeza kamera kwa shujaa. Kwa maoni yangu Ogot anawashinda hapa, tena kwa umbali.

Mji uliozama

Baada ya Lodoss zilifuata nyingi. Slayers ya mwaka wa 1995 ni kichekesho cha mchawi mwanamke mlafi, na inafaa kwa yeyote anayetaka kuona tashtiti ikielekezwa kwa mashujaa wanaojichukulia kwa uzito mno. Sitaikawilia. Iliyo karibu zaidi na Osiri ni Delicious in Dungeon. Ilianza mwaka wa 2014 kama hadithi ya picha ya Ryoko Kui, ikakamilika mwaka wa 2023, na filamu yake ya sehemu 24 ikaonyeshwa mwaka wa 2024.

Mwanzo wake ni huu. Ukuta wa handaki lililo chini ya makaburi ya kijiji unaporomoka, na kutoka gizani anatokea mtu anayesema kuwa yeye ni mfalme wa nchi ya dhahabu iliyozamishwa chini ya ardhi na mchawi mwenye kichaa. Amwezaye mchawi huyo, mfalme anasema, atairithi nchi yote. Kisha anageuka vumbi. Tangu hapo watu wanamiminika shimoni.

Mwanafunzi wa Homa Bay akiyasikia maneno "mji uliozama" hahitaji kupelekwa Japani. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa la Simbi Nyaima. Kisakale chake husema kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa sherehe alifika ajuza akiomba hifadhi. Walimfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkirimu. Ajuza akamwonya aondoke, kisha mvua ikashuka na kijiji kikazama pamoja na watu wake. Wataalamu wa miamba watakwambia kwamba ziwa hilo limo katika shimo la volkano, nao wako sahihi. Kisakale hakishindani nao, kwa kuwa kinajibu swali jingine.

Tofauti ya hadithi hizi mbili ndiyo yenye manufaa. Simbi inazama kwa sababu ya ubahili, na hakuna anayeshuka tena kuitafuta. Ziwa limefunga mjadala. Katika kazi ya Kui, mji uliozama unakuwa mgodi. Watu wanaushukia kwa tamaa, na kando ya mdomo wa shimo kunachipuka soko, madalali na wadeni. Kundi la Laios limeshindwa na joka jekundu, dada yake Falin amemezwa, na hawana senti ya kununulia chakula cha safari ya kumwokoa. Wanaamua kushuka na kuwala mazimwi wanaowaua njiani. Senshi, mbilikimo aliyeishi shimoni miaka mingi, anawafundisha kupika na, lililo muhimu zaidi, kutochukua kuliko inavyostahili, kwa kuwa shimo nalo lina uwiano wake wa walao na waliwao. Mwambie hayo mtu aliyeona maji ya Nyatike yakioshewa dhahabu kwa zebaki.

Yupo pia Chilchuck, fundi wa mitego, mtu mfupi mwenye sura ya mtoto ingawa ni baba wa mabinti watu wazima. Yeye hutaka malipo kabla ya kushuka. Tunamcheka mpaka tunapojua sababu: watu wa jamii yake walikuwa wakitumiwa shimoni kama chambo, naye ndiye aliyewapigania wakaungana na kuwa na chama chao. Hili halikutoka katika ngano za kale. Limetoka katika kuzijua kazi za watu. Ndiyo maana ningemwambia mwalimu mwenye nafasi ya kuonyesha kazi moja tu aichague hii.

Mashujaa waliobaki mawe

Frieren, hadithi ya picha iliyoanza mwaka wa 2020 na kuwa filamu ya sehemu 28 kati ya mwaka wa 2023 na 2024, inaanzia pale ambapo visakale vingine huishia. Safari ya miaka kumi imekwisha, mfalme wa mashetani ameuawa, mashujaa wanne wanarudi mjini. Miaka hamsini baadaye Himmel, kiongozi wao, anakufa kwa uzee. Frieren, elfi ambaye kwake miaka kumi ni kama wiki, analia kaburini kwa kuwa hakujishughulisha kumjua mwenzake alipokuwa hai. Kinachofuata ni safari ya kurudia njia ileile. Kila kijiji anachopitia kina sanamu ya Himmel, na wanakijiji wengine hawakumbuki tena alifanya nini hasa. Himmel mwenyewe alipenda mno kuchongwa. Tulimdhania mwenye majivuno hadi alipoeleza kwamba alitaka Frieren asijikute peke yake huko mbele.

Sijui kazi nyingine ya picha inayoieleza vizuri hivi kazi ya mighani katika jamii. Shujaa anafariki, kumbukumbu inakonda, mahali panabaki. Twende Nyandiwa, Gwassi. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ulimvua ajuza, akamchukua nyumbani, na ng'ombe wakajaa zizini. Alipotajirika akawa mlevi, akamtukana mkewe huyo na kumkumbusha alikotoka. Ajuza akarudi ziwani, mifugo yote ikimfuata. Nyamgondho alisimama ufuoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wapo wasemao jiwe. Hiyo "wapo wasemao" ndiyo sifa ya kubadilika tuliyoikariri bila kuiona. Vivyo hivyo katika uwanda wa Kano lipo jiwe la Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa mwamba na udhaifu wake ulikuwa kivulini, siri iliyotolewa na mke aliyetoka kwa maadui. Pwani tunaye Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Naye Shaaban Robert katika Adili na Nduguze ya mwaka wa 1952 alituonyesha mji mzima ulioguka mawe. Waswahili na majirani zao hawajawahi kuwa maskini wa fantasia. Aliyemsoma Kezilahabi katika Nagona ya mwaka wa 1990, au Wamitila katika Bina-Adamu! ya mwaka wa 2002, anajua kwamba hata riwaya yetu ya kisasa imeichukua safari ya msako kuwa uti wa mgongo wake.

Tunachokikosa ni meza, yaani mahali ambapo hadhira ina haki ya kukatiza. Hata hivyo, nisitie chumvi. Mabanda ya video yamekuwa na fanani wake. DJ Afro amejulikana kote nchini kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, akiwabatiza wahusika upya na kuwakejeli. Huo ni mshale mwingine utokao kwenye picha kurudi mdomoni, na ni ajabu kwamba bado tunauacha nje ya darasa.

Tahadhari na kazi ya darasani

Goblin Slayer ya mwaka wa 2018 husifiwa sana na wapenzi wa mchezo huu kwa kuwa ndani yake miungu hutupa dadu juu ya maisha ya binadamu. Wazo hilo ni zuri. Lakini sehemu yake ya kwanza ina ukatili wa kijinsia usiofaa kabisa kwa wanafunzi, na mwalimu asiyeitazama kwanza peke yake atajuta. Kwa mtahiniwa nina onyo jingine: swali likikutaka utoe mfano kutoka jamii yako, usiandike Frieren. Filamu hizi zikufunze kuona. Mifano ya kujibia itoke Simbi, Nyandiwa na kwenu.

Darasani, anza na karatasi ya mhusika. Waambie wanafunzi wampe Luanda Magere tarakimu za nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Watabishana. Ana nguvu ishirini, sawa. Lakini busara ya mtu aliyemwambia mkewe siri hiyo ni ngapi? Na je, ni haki kumlaumu, iwapo alikuwa mgonjwa na alihitaji kutibiwa? Mabishano hayo ndiyo uhakiki wa wahusika, na yamefika bila wewe kuitamka istilahi. Kisha mwanafunzi mmoja asimamie, wengine watano wavae uhusika wa wanakijiji wa Simbi usiku ule wa sherehe. Ajuza amefika mlangoni. Hakuna anayelazimika kumfukuza. Mwingine aandike kila kitu, pamoja na vicheko na vikatizo, kama walivyoandika wale Wajapani mwaka wa 1986.

Siku ya pili wapeleke unukuzi huo kwa mzee au ajuza anayekijua kisakale, wamsomee, na warekodi anavyowasahihisha. Kwa watahiniwa, swali la kujipima ni hili: "Uandishi wa fasihi simulizi huihifadhi na kuiua kwa wakati mmoja. Jadili kwa kurejelea kisakale kimoja cha jamii yako (alama 20)." Anayejibu aoneshe matoleo mawili ya kisakale hicho, aseme aliyapata kwa nani na lini, na ataje angalau neno moja lililosemwa na msikilizaji.